Profoma ya mamilioni kwa gari la juzi: namna ya kuisoma kabla hujalipa

Gari langu lilikuwa na miezi 41 tangu litoke kwa wakala, kilomita 58,000 kwenye mita, likaanza kutetemeka asubuhi kama bajaji. Taa ya injini haikuwaka tu, ilikuwa inapepesa. Nikalipeleka kwa wakala yuleyule aliyeniuzia, hapa Dar, na jioni nikatumiwa profoma, yaani makadirio ya gharama kabla ya kazi, ya Sh 3,776,000. Waranti ilikuwa imeisha miezi mitano nyuma. Siku nne baadaye nililitoa gari kwenye gereji hiyohiyo kwa Sh 796,500, linanguruma vizuri. Sikupiga kelele na sikumjua mkubwa yeyote. Nilichofanya ni kuacha kubishana na jumla, nikabishana na mstari mmoja mmoja. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Kwanza, neno moja kuhusu ile taa. Ikiwaka bila kupepesa, mara nyingi una muda wa kufika gereji kwa utulivu. Ikipepesa, injini inamisi (silinda inakosa kuchoma mafuta) kiasi kwamba petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaunguza. Paki, ita wa kuvuta. Ukiendelea kuendesha kwa wiki, profoma yako itaongezeka mstari wa masega, na huo ndio mstari ghali kuliko yote.

Hatua ya 1: Usitamke "tengenezeni tu"

Sentensi hiyo imewagharimu watu wengi kuliko shimo lolote la barabarani. Ukifika mapokezi, agiza upimaji peke yake na uliza bei yake kabla hujaacha funguo. Karatasi wanayokupa usaini isome: mara nyingi ina mstari unaowaruhusu kuendelea na kazi "itakayoonekana ni ya lazima". Ukate kwa kalamu, uandike pembeni: upimaji tu, kazi nyingine kwa idhini yangu ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuwa idhini, lakini uwe ujumbe, isiwe simu.

Uliza pia wakifungua kitu halafu ukakataa matengenezo, kukirudisha ni bei gani. Kama giaboksi au dashibodi tayari iko mezani vipande vipande, nguvu yako ya kujadiliana imebaki ya kuomba.

Hatua ya 2: Dai profoma iliyochambuliwa

Profoma ya kwanza niliyopewa ilikuwa na mistari mitatu: spea, ufundi, VAT. Hiyo haisomeki. Nikaomba iliyochambuliwa, ikaja hivi: koili 4 (zinazopeleka umeme kwenye plagi) kwa Sh 480,000 kila moja, plagi 4 kwa Sh 95,000, kusafisha injekta (zinazonyunyiza mafuta) Sh 250,000, kusafisha throto (mlango wa hewa wa injini) Sh 150,000, kupima kwa kompyuta Sh 120,000, ufundi Sh 300,000, na "vifaa vidogo vya karakana" Sh 80,000. Jumla Sh 3,200,000, juu yake VAT ya asilimia 18, Sh 576,000.

Angalia kilichotokea. Deni kubwa la kutisha limegeuka maswali saba madogo, na kila swali lina jibu.

Kwenye kila mstari unataka namba ya spea, idadi, bei ya moja, na sababu. Kwenye ufundi unataka saa ngapi na saa moja ni shilingi ngapi. Gereji za wakala hutoza kwa saa za kitabu cha mtengenezaji, si kwa saa ambazo fundi ametumia kweli, kwa hiyo kitabu kikisema saa mbili unalipa mbili hata kama kijana kamaliza kwa dakika hamsini. Huo ni utaratibu wa kawaida na haukufaidishi kuubishia. Kinachobishiwa ni saa zinazojirudia. Gurudumu likitolewa kubadilisha breki pedi, limeshatolewa pia kwa ajili ya diski, na bampa likifunguliwa kwa taa moja halifunguliwi upya kwa taa ya pili. Ukiona kazi mbili za sehemu moja, kila moja na saa zake kamili, onyesha kwa kidole.

Halafu waambie wagawe mistari katika mafungu mawili: ya lazima sasa, na inayoweza kusubiri. Utashangaa ni kiasi gani kitahamia fungu la pili kwa swali hilo peke yake.

Hatua ya 3: Kabla ya bei, uliza nani anayetakiwa kulipa

Watu wengi hukimbilia kuomba punguzo kwa gharama ambayo haikuwa yao. Fungua kitabu cha waranti. Waranti nyingi za magari mapya huandikwa miaka 3 au kilomita 100,000, kipi kitangulie, na zipo kampuni zinazofika miaka 5 au 7. Muda unahesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza. Kama umelinunua kwa mtu likiwa na mwaka mmoja, umerithi kilichobaki, hujaanza upya. Breki pedi, wipa, matairi na klachi kwa kawaida havimo, kwa kuwa ni vya kuchakaa. Lakini kutu, rangi, na betri kubwa ya haibridi mara nyingi zina muda wao tofauti, mrefu kuliko wa gari zima, na hakuna mtu wa mapokezi atakayekukumbusha.

Kuna na rikoli, pale mtengenezaji anapoyaita magari kurekebisha kasoro ya kiwandani. Hiyo hufanywa bure, na haijali waranti imeisha lini. Mwaka 2020 Toyota iliita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu ya mafuta inayoweza kuzimisha injini barabarani. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata nayo iliitwa kwa wingi kuanzia 2014, na kiini cha tatizo lake ni kemikali inayoharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Joto na unyevu, yaani Dar, Tanga na Mombasa. Chukua namba ya chesisi, uulize kwa maandishi kama gari lako lina rikoli ambayo haijafanyiwa kazi.

Kwa gari lililoagizwa Japani likiwa limetumika, hata kama ni la miaka mitatu tu, waranti ya Japani haimfungi wakala wa hapa. Swali la rikoli hata hivyo bado lina maana, uliza. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17; yana namba fupi ya fremu inayoanza na kitu kama NZE141. Mifumo mingi ya kutafutia mtandaoni ya Ulaya na Marekani itaikataa, kwa hiyo tumia ya mtengenezaji wa Japani.

Bima kubwa nayo isisahaulike. Hailipi kitu kilichochakaa au kilichokufa chenyewe, ila mafuriko kama ya Jangwani hapa Dar, shimo lililokunja rimu na mkono wa chini, au panya waliotafuna waya yanaweza kuwemo kulingana na mkataba wako. Angalia kwanza kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe. Kama kinakaribia profoma, madai hayana faida.

Jambo jingine linalotokea sana kwa magari ya dizeli: waranti bado hai, injekta zimekufa, wakala anasema "ni mafuta machafu", na mafuta hayamo kwenye waranti. Huenda ni kweli. Lakini aonyeshe. Omba sampuli itolewe kwenye tangi na kwenye filta mbele yako, iwekwe kwenye chupa safi inayoonyesha, iandikwe tarehe, na moja ubaki nayo wewe. Maji utayaona yamekaa chini kwa macho. Kama mafuta ni machafu kweli, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya kituo ulichojaza ndiyo mlango wa kwenda EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta. Ndiyo maana risiti za mafuta zisitupwe dirishani.

Hatua ya 4: Omba ushahidi

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kompyuta ya gari haisemi "badilisha koili". Inatoa namba ya hitilafu, na namba hiyo ni dalili, kama homa. Namba zinazoanza na P ni za injini na giaboksi, C ni za breki na miguu ya gari, B ni za bodi, U ni za mawasiliano ya kompyuta zenyewe. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno ukilinganisha na mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka wa bei ya soda, au pampu ya mafuta. P0420 inasema masega hayafanyi kazi inavyotakiwa, na wengi wameshabadilishiwa masega kumbe ekzosi ilikuwa inavuja au sensa ya oksijeni imechoka. Kwa hiyo maswali yako ni matatu: namba gani ilitoka, mlipima nini baada ya kuiona, na kipimo kilisemaje?

Mimi namba yangu ilikuwa P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu inamisi. Sasa kama silinda moja inamisi, kwa nini koili nne? Kijana wa mapokezi alinijibu kwa upole kabisa, "Dada, zikianza kufa zinafuatana." Inawezekana. Lakini koili hupimika kwa njia ambayo haigharimu hata senti: unahamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya pili, unafuta namba, unawasha. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, koili haina kosa, tafuta kwenye plagi, injekta au kompresheni. Nikaomba wafanye hivyo nikiwepo. Dakika ishirini. Ikatoka P0302. Koili moja.

Plagi? Zilikuwa za iridiamu, na kitabu cha sevisi cha gari langu kinasema zibadilishwe kilomita 100,000. Nilikuwa na 58,000. Wakazitoa, tukazitazama, zikarudishwa. Kusafisha injekta na throto hakukuwa na kipimo chochote nyuma yake. Mistari hiyo ndiyo ninayoiita chachandu: huwekwa ili sahani ijae.

Kila kitu kina kipimo chake. Breki pedi ni milimita: mpya huwa na 10 hadi 12, na zikifika 3 zimekwisha. Ukiambiwa "zimeisha", uliza zimebaki ngapi. Diski ina unene wa mwisho umechongwa kwenye chuma chake, tafuta maandishi MIN TH, halafu wapime. Shokapu ionekane inavuja oili. Betri ipimwe na karatasi itoke. Bushi ioneshwe inavyocheza, gari likiwa juu. Kama huwezi kwenda, wakutumie video. Gereji isiyotaka kukuonyesha kitu ambacho iko tayari kukutoza nacho imeshakujibu.

Nunua pia kiskana kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani. Ni cha bei rahisi sana na kinasoma namba za injini kwenye simu. Hakitakufanya fundi. Kitakufanya usidanganywe namba.

Hatua ya 5: Fundi wa pili, bila kumwambia wa kwanza alisema nini

Kosa tunalolifanya ni kumwendea fundi wa mtaani na profoma mkononi: "Wakala anasema milioni tatu, wewe utafanya kwa ngapi?" Hapo umemwomba bei, hujamwomba uchunguzi, naye atakupa bei ya kubadilisha vilevile vitu ambavyo huenda havikuhitaji kubadilishwa. Mweleze dalili tu. Mlipe upimaji wake, hata kama alikuwa tayari kupima bure, kwa sababu anayepima bure hulipwa na spea atakazokuuzia. Wakitoa jibu moja watu wawili ambao hawajasikilizana, una uhakika.

Gari likiwa bado ndani ya waranti, fundi wa pili aangalie na apime, asifungue. Na kwa haibridi, waya wa rangi ya chungwa hauguswi na fundi asiyeufahamu, hata awe mjomba wako. Umeme wa ile betri unaua.

Hatua ya 6: Spea, bei ya wakala na bei ya Gerezani

Ukiwa na namba ya spea unaweza kuingia Kariakoo, mitaa ya Gerezani, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ukalinganisha kitu kilekile na kitu kilekile. Kwa Toyota namba ina tarakimu kumi, na tano za kwanza zinataja aina ya kifaa: 04465 ni breki pedi za mbele, 48510 kwa magari mengi madogo ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ya kushoto, 16100 ni wota pampu, 27060 ni alteneta. Ukiandikiwa 48510 mbili badala ya moja na 48520, uliza kama gari lako kweli linatumia moja kwa pande zote.

Watengenezaji wa magari hawatengenezi kila kitu wenyewe. Denso, Aisin, KYB, NGK na Bosch ndio wanaowauzia viwanda, na vifaa vyao vinauzwa pia kwenye maboksi yao wenyewe, kwa kawaida kwa bei ya chini kuliko boksi la kampuni ya gari. Shida ni feki: majina hayo ndiyo yanayoigwa zaidi. Nunua kwa anayekupa risiti ya EFD na kukubali kuandika siku za kurudisha. Ukiambiwa bei ni hii bila risiti na ile na risiti, umeshajua ukirudi hutamkuta aliyekuuzia.

Mtumba wa Japani ni mzuri kwa taa, milango, vioo, bampa, hata alteneta. Breki, mkanda wa taimingi na mfuko wa hewa usinunue mtumba. Na giaboksi la CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) likidai oili yake ya CVT, usikubali kubadilishiwa ya gia otomatiki ya kawaida kwa hoja kwamba "zote ni nyekundu".

Mimi koili niliiona Kariakoo kwa bei ya chini ya wakala, na bado nilinunua kwa wakala. Waliifunga wao, wakaiandikia dhamana, ikaingia kwenye rekodi ya gari. Ukiwapelekea spea yako wengi watakataa kuifunga, au wataifunga bila dhamana yoyote, na ikifa mtarushiana mpira. Kwa kifaa kimoja tofauti ile niliiona inalipika. Kwa shokapu nne ningefikiri tofauti.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Mtu wa mapokezi hana mamlaka, na kumgombeza ni kumwonea. Omba msimamizi wa sevisi. Andika, kwa sababu maandishi husafiri ndani ya ofisi na maneno hayasafiri. Ujumbe wangu ulikuwa karibu hivi:

"Habari za kazi. Nimepokea profoma ya gari langu. Nimelinunua kwenu na sevisi zote nimefanya kwenu, rekodi mnazo. Naidhinisha kubadilisha koili ya silinda ya tatu, ambayo tumeihakikisha kwa kuihamisha. Sioni kipimo kinachodai koili nyingine tatu, plagi, wala kusafisha injekta na throto, kwa hiyo naomba viondolewe. Naomba pia ufundi ukokotolewe upya kwa kazi hiyo moja. Na kwa kuwa waranti imepita kwa miezi mitano tu na kilomita hazijafika 60,000, naomba mwasilishe kwa mtengenezaji ombi la kuchangia gharama ya kifaa hiki."

Ombi hilo la mwisho wengi hawajui kama lipo. Watengenezaji wengi huwa na fungu la kusaidia mteja ambaye gari lake limeharibika muda mfupi baada ya waranti, hasa mwenye rekodi kamili ya sevisi. Si haki yako, ni hisani, na huipati usipoomba. Mimi nilikataliwa. Lakini ombi lilipanda hadi kwa meneja, na meneja ndiye aliyefuta koili tatu na mistari minne kwa mkupuo, pamoja na vile "vifaa vidogo vya karakana" ambavyo hakuna aliyeweza kuvitaja. Ikabaki koili Sh 480,000, upimaji Sh 120,000, ufundi Sh 75,000, na VAT.

Upimaji usiubishie. Walipima, walipwe.

Zipo kazi ambazo nisingemwendea mwingine zaidi ya wakala hata kwa nusu bei: funguo za kompyuta, mifuko ya hewa, betri kubwa ya haibridi, kamera na rada za breki za kujishika zenyewe, na chochote kinachohitaji programu ya kiwandani. Huko jadili idadi ya mistari, siyo mlango wa kuingilia.

Hatua ya 8: Siku ya kulitoa, na wakigoma

Kabla ya kulipa, liendeshe pamoja na fundi katika hali ileile iliyoleta tatizo. Langu lilitetemeka likiwa baridi, kwa hiyo nililiacha lilale gereji na nikaenda asubuhi. Chukua risiti ya EFD inayotaja kazi, namba ya spea, kilomita na muda wa dhamana. Chukua na kifaa cha zamani. Uwe umeshasema mwanzoni kwamba unakitaka, maana ukisema mwishoni "kimeshatupwa".

Ikiwa bili imezidi ulichoidhinisha, kumbuka gereji inaweza kulishikilia gari hadi kazi uliyoiagiza ilipwe. Kugombana getini hakulitoi. Ukilihitaji gari, lipa, lakini andika juu ya nakala yao na yako: nalipa huku nikipinga mistari hii, uitaje, saini na tarehe. Kisha peleka malalamiko ya maandishi kwa menejimenti, uwape siku za kujibu. Tanzania ngazi inayofuata ni Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndani yake mna ulinzi wa mlaji. Kenya ipo Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, na kwa madai yasiyozidi KSh 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Huko kote watakachokuuliza kwanza ni ile profoma iliyochambuliwa na ule ujumbe ulioandika.

Baada ya kilomita 200 hivi, chomeka kile kiskana usome tena. Kuna namba za hitilafu ambazo hujitokeza mara moja bila kuwasha taa na kubaki zinasubiri. Mimi nilikuta sifuri. Ukikuta namba ileile ya mwanzo, rudi na risiti ndani ya siku za dhamana, wala usikubali profoma mpya kwa tatizo la zamani.